Lissu: Hoja zilizoazimwa na hoja zilizokataliwa

Kwa mizani inayotumika sana katika siasa zetu, yaani vyeo na kura, Tundu Lissu hana mengi ya kuonyesha. Hajawahi kuwa waziri wala mkuu wa wilaya. Ubunge wake haukufika miaka tisa, na karibu miwili ya mwisho aliimaliza akiwa kwenye matibabu. Mara pekee aliyogombea urais, Oktoba 2020, Tume ya Taifa ya Uchaguzi ilimtangazia kura 1,933,271, kama asilimia 13, dhidi ya 12,516,252 za John Magufuli. Chadema, chama alichokabidhiwa Januari 2025, kiliondolewa kwenye uchaguzi kabla hajatimiza miezi mitatu kitini, na siku ya kupiga kura ilimkuta mahabusu. Lakini mpinzani katika nchi ambayo TANU na mrithi wake CCM wameitawala tangu uhuru hapimwi kwa mizani ya wanaogawa vyeo. Apimwe kwa swali jingine: hoja zake ngapi ziliishia kuwa sera au sheria ya nchi, hata kama jina lake halikutajwa? Kwa kipimo hicho mwana huyu wa Ikungi, mkoani Singida, ana rekodi ya kushangaza, na rekodi yenyewe ina ufa katikati. Hoja zake kuhusu mali Serikali imeziazima moja baada ya nyingine. Hoja zake kuhusu madaraka imezikataa, au imechukua jina ikaacha mwili. Ufa huo unaeleza safari yake ya siasa kuliko ukali wa ulimi wake, ambao ndio unaozungumzwa kila siku.

Ushahidi wa kwanza uko Singida kwenyewe. Lissu alizaliwa Mahambe mwaka 1968, akasomea sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Warwick, Uingereza. Mwaka 1995 aligombea ubunge kwa tiketi ya NCCR-Mageuzi akashindwa. Aliporudi mwaka 2010 kupitia Chadema na kulitwaa jimbo la Singida Mashariki, wengi walishangaa, maana wakati ule ilichukuliwa kuwa upinzani ni habari ya mjini na ya wenye kahawa, si ya vijiji vya mtama, alizeti na kuku wa kienyeji. Alichowaambia watu wa huko hakikuwa barabara ya lami wala kisima. Aliwaambia wasikubali michango ya kulazimishwa. Asiyeishi kijijini miaka ile hawezi kujua uzito wa jambo hilo. Sekondari za kata zilikuwa zinajengwa kila kona, kisha likaja agizo la Rais Jakaya Kikwete la maabara kwa kila sekondari. Kaya ilipangiwa fedha, au ndoo za mchanga na kokoto, au zamu ya kuchota maji ya kujengea. Katika vijiji vingi nchini, asiyetoa alitembelewa na mtendaji akiwa na mgambo. Kuku walikamatwa, mbuzi akafunguliwa kamba, baiskeli ikalala ofisi ya kijiji mpaka mwenyewe alipe. Kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, ilikuwa imefutwa mwaka 2003, lakini kwa mwananchi wa kawaida mkono uliokuwa ukimkaba ulikuwa ule ule, umebadilisha jina tu.

CCM ilimwita adui wa maendeleo, na shutuma hiyo haikuwa ya kupuuzwa. Darasa halijengwi kwa kifungu cha sheria, na mahali ambapo Serikali Kuu haileti fedha, jasho la wanakijiji ndilo lililoipa nchi hii shule nyingi. Mzazi wa Ikungi aliyeona jengo limeishia kwenye renta alikuwa na haki ya kumuuliza mbunge wake. Hata hivyo wapiga kura hao hao, ambao ndio walioishi na faida na hasara za msimamo wake, walimrudisha bungeni mwaka 2015. Halafu likatokea la kushangaza zaidi. Serikali ya Awamu ya Tano ilianza elimu bila ada Januari 2016, na Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango yote shuleni, akawaonya viongozi watakaoacha mtoto arudishwe nyumbani kwa sababu ya mchango. Mbunge aliyeitwa adui wa maendeleo kwa kusema jambo la namna hiyo hiyo alikuwa ndiyo kwanza amefikishwa Ubelgiji, akiendelea kutibiwa majeraha ya risasi alizopigwa Septemba 2017. Hakuna aliyemtaja.

Madini ni ushahidi mzito zaidi, na hapo inabidi kwenda nyuma kabla ya ubunge. Akiwa mwanasheria wa LEAT, taasisi ya wanasheria watetezi wa mazingira, Lissu alilishupalia suala la Bulyanhulu, ambako wachimbaji wadogo waliondolewa Agosti 1996 kumpisha mwekezaji, kukiwa na madai kwamba wengine walifukiwa wakiwa hai mashimoni. Serikali ilikanusha, na mwaka 2002 alifunguliwa mashitaka ya uchochezi pamoja na Rugemeleza Nshala na Augustine Mrema. Haki inataka isemwe pia kwamba ofisi ya usuluhishi ya Benki ya Dunia, iliyochunguza malalamiko hayo kwa kuwa MIGA, tawi la bima la benki hiyo, ndiyo iliyokuwa imeukatia mgodi bima, ilihitimisha mwaka huo huo kuwa hayakuthibitika. Kwa hiyo anayemsifu Lissu kwa Bulyanhulu asimsifu kama mpelelezi. Kilichodumu katika kazi ile ni namna ya kuuliza. Wakati siasa za upinzani zilijaa swali la nani kala, yeye aliuliza karatasi gani ilimruhusu kula: Sheria ya Madini ya 1998 na mrabaha wake wa asilimia 3, mikataba isiyofika bungeni, na misamaha iliyofungwa isiguswe kwa miaka mingi.

Hakuwa peke yake, na ni kosa la mashabiki kumpa sifa zote. Mwaka 2007 Zitto Kabwe alisimamishwa ubunge kwa kuhoji mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Kikwete akaunda kamati ya madini ya Jaji Mark Bomani. Sheria ya Madini ya 2010 ikapandisha mrabaha wa dhahabu hadi asilimia 4. Kisha ukaja mwaka 2017, makontena ya makinikia yakazuiwa, na Bunge likapitisha kwa hati ya dharura sheria zilizoipa Serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa, zikapandisha mrabaha hadi asilimia 6 na kulipa Bunge nguvu ya kupitia mikataba. Mengi yaliyoandikwa humo yalikuwa yamedaiwa na wanaharakati kwa miaka 20, Lissu akiwa miongoni mwao. Ungetegemea ashangilie. Badala yake alisimama kupinga, na hapo ndipo wengi walipoanza kumwona msaliti.

Pingamizi hilo linastahili kujibiwa kwa kina, kwa sababu hata watu wanaompenda hulisema kwa sauti ya chini: yule aliyewapinga wazungu wa migodi kwa miongo miwili aliwageukia lini? Jibu ni kwamba hakugeuka. Msimamo wake ulikuwa kwamba nchi imeshafungwa na mikataba ya kimataifa ya ulinzi wa uwekezaji, na kwamba ukiuvunja mkataba kwa hamaki kabla ya kujitoa humo utashitakiwa nje na utalipa. Agosti mwaka ule ule aliwaambia waandishi wa habari kwamba ndege ya Bombardier iliyokuwa ikisubiriwa imeshikwa Kanada kwa deni ambalo Serikali ilidaiwa na kampuni ya Stirling. Aliitwa asiye mzalendo, lakini habari ilikuwa ya kweli. Deni la dola za Marekani bilioni 190 ambalo Watanzania walitangaziwa mwaka 2017 kuwa kampuni ya makinikia inadaiwa liliishia kwenye malipo ya dola milioni 300 na ubia wa Twiga kati ya Serikali na mwekezaji. Leseni zilizofutwa baada ya sheria zile zilitupeleka kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia: kampuni ya Winshear ililipwa dola milioni 30 mwaka 2023, na Indiana Resources ikapewa tuzo ya zaidi ya dola milioni 100, kabla ya pande mbili kukubaliana dola milioni 90 mwaka 2024. Fedha hizo zingejenga maabara nyingi bila kukamata kuku wa mtu. Anayeona Magufuli alifanya vema kuwatikisa wenye migodi, na ipo sababu ya kuona hivyo, bado ana wajibu wa kukiri kwamba bili ile ilitabiriwa bungeni na mtu aliyezomewa.

Leo dhahabu inachimbwa ndani ya jimbo lake la zamani. Mgodi wa Shanta ulioko Mang'onyi, Ikungi, ulimimina dhahabu yake ya kwanza Machi 2023, chini ya sheria hizo hizo, na halmashauri ambayo mapato yake yalitegemea ushuru wa mazao sasa ina mgodi wa kuutoza.

Sasa tugeukie upande wa pili wa ufa. Anayekumbuka Bunge la Kumi atakumbuka jinsi alivyosimama: karatasi mkononi, miwani puani, "Mheshimiwa Spika, kuhusu utaratibu," kisha namba ya kanuni kabla hata ya hoja. Wengi walimwona msumbufu. Lakini alichokuwa akikifanya ni kupeleka kwenye madaraka swali lile lile alilolipeleka kwenye madini. Julai 2012, akiwa msemaji wa Kambi ya Upinzani kwa masuala ya sheria, alihoji hadharani namna majaji wanavyoteuliwa, akidai wapo walioteuliwa bila kufuata taratibu. Alishutumiwa kwa kulidhalilisha Bunge na Mahakama. Sheria ya Mabadiliko ya Katiba ya 2011 aliipinga kwa maelezo marefu, na kwa muda ilionekana kama atasikilizwa: Kikwete aliwakaribisha Chadema Ikulu na sheria ikarekebishwa mwaka 2012. Tume ya Jaji Joseph Warioba ikaleta rasimu. Halafu Aprili 2014 Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka nje ya Bunge Maalumu, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa bila wao Oktoba mwaka huo, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, isipigwe mpaka leo.

Tofauti ni ya wazi. Mrabaha unaweza kupandishwa na anayetawala akabaki anatawala. Pengine akapendwa zaidi. Mchango wa shule unaweza kufutwa kwa tamko la asubuhi moja. Lakini ukiruhusu mahakama ichunguze matokeo ya urais, ukiwanyima wakurugenzi wa halmashauri kazi ya kusimamia uchaguzi, ukamruhusu mgombea binafsi, umejiwekea rehani wewe mwenyewe. Ndiyo maana Ibara ya 41(7) ya Katiba, inayokataza mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyetangazwa na Tume, ilibaki palepale hata baada ya Mahakama ya Afrika iliyoko Arusha kuamua Julai 2020 kwamba inakiuka haki. Mahakama Kuu ilipoamua Mei 2019 kwamba wakurugenzi wasisimamie uchaguzi, Mahakama ya Rufani iliutengua uamuzi huo Oktoba. Na Lissu, ambaye silaha yake pekee maishani ni kesi, alipoyakataa matokeo ya 2020 hakuwa na mlango wa mahakama wa kubisha. Asilimia 13 hizo zinaweza kuwa sahihi au zisiwe. Hakuna jaji aliyewahi kuruhusiwa kuzihesabu.

Yaliyompata binafsi yanajulikana. Machi 2017 mawakili walimchagua kuongoza chama chao, TLS. Tarehe 7 Septemba mwaka huo, saa za mchana, akitoka bungeni, alimiminiwa risasi nje ya makazi yake Dodoma, ndani ya eneo wanakokaa viongozi. Hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa shambulio lile. Akiwa bado anatibiwa, Juni 2019 Spika Job Ndugai alitangaza kiti chake kuwa wazi kwa madai ya utoro na kutowasilisha tamko la mali. Miraji Mtaturu wa CCM akapita bila kupingwa. Mahakama Kuu nayo ikalikataa ombi la Lissu la kupinga uamuzi huo. Huruma juu ya majeraha ndiyo imemfanya kipenzi cha vijana wengi, na hapo kuna hatari kidogo: mtu akigeuka shahidi wa mateso, hoja zake huacha kusomwa. Lissu wa fulana na vidole viwili hewani ni rahisi kumbeba kuliko Lissu wa vifungu.

Kuna watakaosema picha hii imepakwa rangi moja. Rais Samia Suluhu Hassan aliunda kikosi kazi chini ya Profesa Rwekaza Mukandala, akakutana na Lissu Brussels Februari 2022, akaondoa katazo la mikutano ya hadhara Januari 2023, na Lissu akarudi nyumbani wiki tatu baadaye. Mwaka 2024 zikatungwa sheria mpya za uchaguzi, na Tume ikaitwa Huru. Je, hizo si hoja za madaraka zilizosikilizwa? Kwa sehemu, ndiyo, na asiyekubali hivyo anakosa uungwana. Ila mikutano ilizuiwa kwa tamko mwaka 2016 na ikaruhusiwa kwa tamko mwaka 2023, bila kifungu hata kimoja cha sheria kuguswa kwenda wala kurudi. Ulichopewa kwa hisani ya mtu si mali yako. Sheria za 2024 nazo ziliacha mlango wa watumishi wa umma kusimamia uchaguzi, na katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba mwaka huo CCM ilitangazwa kushinda karibu asilimia 99 ya nafasi. Hapo ndipo kaulimbiu ya Chadema ya bila mabadiliko hakuna uchaguzi ilipopata wasikilizaji.

Na hapo ndipo ukosoaji mzito zaidi dhidi yake unapokaa, nami nauona una nguvu. Januari 2025 Lissu alimshinda Freeman Mbowe kwa kura 513 dhidi ya 482. Tofauti ya kura 31 si ruhusa ya kukitumbukiza chama chote kwenye mchezo wa yote au hapana. Wanachama wa kundi la G55 ndani ya chama walipinga mkakati huo, wengi wao wakahamia chama cha Chaumma, na Aprili 12, siku ya kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, Chadema hawakwenda. Tume ikatamka kwamba hawatashiriki. Mtu aliyeishi kwa kusoma vifungu alipaswa kuona kwamba karatasi isiyosainiwa ingetumika dhidi yake, na kwamba kusaini si sawa na kukubali uchaguzi. Angesaini, angebaki na hiari ya kususia. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la mkakati, na wagombea wa ubunge wa chama chake mikoani, Singida wakiwamo, ndio waliolilipia kwanza.

Lakini kosa la mkakati halifuti usahihi wa hoja. Kufikia wakati huo alikuwa amejaribu kila njia iliyoandikwa: kesi, kamati, Bunge, Bunge Maalumu, sanduku la kura, maridhiano. Siku tatu kabla ya Tume kutoa tamko lake, alikuwa amekamatwa Mbinga, mkoani Ruvuma, akafikishwa Mahakama ya Kisutu kwa shitaka la uhaini kutokana na maneno kuhusu kuuzuia uchaguzi. Kama maneno yale ni uhaini, hilo ni la mahakama. Juni aliamua kujitetea mwenyewe, na kesi ilipofika Mahakama Kuu akawa anamhoji shahidi wa Jamhuri akiwa kizimbani. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 29 na Rais Samia akatangazwa kwa karibu asilimia 98. Zilifuata vurugu, vifo na kukatwa kwa intaneti, mambo ambayo Serikali yenyewe iliyaundia tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Haitakuwa haki kumtwisha aliyekuwa mahabusu matendo ya barabarani. Wala haitakuwa kweli kusema kwamba aliyesisitiza miaka 15 kuwa mlango wa mahakama usipofunguliwa watu watatafuta mlango mwingine alikuwa anabahatisha.

Wanaotaka mfano wa nje watazame jirani. Raila Odinga, aliyefariki dunia Oktoba 15, 2025, aligombea urais mara tano bila kutangazwa mshindi. Lakini hoja yake ya madaraka iliingia katika Katiba ya Kenya ya 2010, na kwa Katiba hiyo Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais Septemba 1, 2017, siku sita kabla ya risasi za Dodoma. Odinga hakuingia Ikulu, lakini hakuna Mkenya anayesema alipoteza muda. Lissu hajafika hapo. Nusu ya kazi yake imo katika vitabu vya sheria vya nchi hii bila jina lake, na nusu nyingine bado iko mezani.

Mkoa wa Singida umepata bahati ya ajabu ya kuzizaa pande zote mbili za mjadala huu. Novemba 2025, Mwigulu Nchemba wa Iramba aliapishwa kuwa Waziri Mkuu wakati Lissu wa Ikungi akiwa bado mahabusu. Anayetaka kuamua nani kati yao ameacha alama kubwa zaidi asihangaike na picha za mitandaoni. Aanze na Taarifa Rasmi za Bunge za mwaka 2011, asome maoni ya Kambi ya Upinzani kuhusu muswada wa mabadiliko ya Katiba, kisha afungue Katiba yenyewe kwenye Ibara ya 41, kifungu kidogo cha saba.